Kipande cha Mkono

Ulifika Kizota mwezi wa saba, juu ya semi,
umefungwa turubai kama mgonjwa wa rufaa,
na upepo wa Dodoma, usio na adabu kwa mgeni,
ukaufunua kabla hatujatia saini.
Rangi ya chungwa, imebabuka kwenye kiwiko.
Mtumba. Kumbe hata chuma huja kwa mtumba.

Fundi Yoeli akafuata kibati kwa kidole:
namba, mwaka, kilo unazoweza kunyanyua.
"Huyu amechomelea milango ya magari Ujerumani
miaka kumi na minne. Kastaafu.
Sasa atatupangia madumu ya alizeti."
Tukacheka. Sechelela hakucheka.
Alikuwa anahesabu: sisi wapakiaji kumi na wawili,
kisha huo mmoja.

Yoeli ni mtu wa kusoma. Wakati wa chai
alitusimulia ukoo wake:
wa kwanza aliajiriwa kiwandani Marekani
mwaka sitini na moja, kuokota vyuma vya moto
vilivyokuwa vikiunguza watu vidole.
Mwaka ule ule sisi tunapandisha bendera;
yeye anainua, sisi tunainua.
Kisha Wajapani wakawapenda, wakawazalisha kama sungura.
Kisha Wachina, ambao leo, kwa kila mikono miwili
inayofungwa viwandani duniani, mmoja na ushee ni wao.
Wengine hata mikono hawana: wanafagia sakafu,
wanazunguka Mars bila kuuliza njia.
"Na jina?" nikauliza. "Roboti maana yake nini?"
"Neno la Wacheki," akasema, akipuliza chai.
"Maana yake shokoa."

Kikombe changu kikasimama njiani.

Shokoa naijua.
Babu Ndahani aliondoka Mvumi mwaka wa njaa
na kibuyu kimoja na ndugu wawili,
akapakiwa treni hadi kwenye mkonge wa Kilosa.
Wakampa kipande, wakampa namba,
jina wakaliacha stesheni.
Manamba. Alirudi na vidole saba,
bila ndugu hata mmoja,
na hadi tunamzika, ukimshtua kwa nyuma
aliitikia: "Mia nne na sita!"

Nikarudi kwenye kibati. Nikakisoma tena, polepole,
kama mtu anayetafuta la kwao kwenye misalaba.

Mwezi wa kumi tulibaki watatu.
Mbeleje, aliyebeba dumu kila bega akipiga mluzi,
aliacha haya kwa chaki, ukutani:

*Mkono hauli wali, wala hauombi posho,*
*Hauumwi tumbo kali, hauna leo na kesho,*
*Ila siku ukifeli, nani atafuta jasho?*
*Mtaniita, kwa kweli, nidai deni la mwisho.*

Meneja aliagiza pafutwe. Hakuna aliyepata kitambaa.

Kazi yangu sasa ni vitufe: cha kijani, chekundu,
na kile cha njano ambacho Yoeli amekikataza.
Mgongo umepona. Hilo nalo lisemwe.
Mshahara umesogea kidogo,
na mlangoni kwa Mbeleje
napita nikitazama upande wa reli.

Jana umeme ulikatika saa nane.
Mkono ukaganda hewani na dumu lake,
mafuta yakicheza ndani, ya dhahabu,
kiganja kimefumba, hakijui kuachia.
Sechelela akaleta ngazi. Nikapanda,
nikaweka bega chini ya dumu,
pale pale Mbeleje alipokuwa akiweka lake.
Kiwiko kilikuwa bado cha moto.
"Mbukwa," nikauambia kwa sauti ndogo,
nikaona aibu,
kisha sikuona aibu.

Haukuitikia. Kilichoitikia ni jenereta,
kule nyuma ya ghala, kikohozi kimoja, cha pili,
likazima.
Nikabaki juu ya ngazi,
uzito ukiwa wetu sote wawili.